Naomba ushauri: rangi gani nyeusi haibanduliwi na petroli kwenye kabureta za Honda CB750?

Turubai_Umoja: Habari za jioni, wanajamvi. Ninayo pikipiki ya Honda CB750 ya mwaka 1974, ambayo imekaa muda mrefu chini ya turubai hapa Umoja, Nairobi, na sasa ninaisafisha. Injini imeng'aa vizuri, lakini kabureta zote nne zimefifia na kuota unga mweupe, hivyo nimeamua kuzipaka rangi nyeusi. Nimekwisha kufungua nyaya zake nne za kuvutia mafuta, mmoja baada ya mwingine, na kabureta ziko mezani. Ninachouliza ni aina ya rangi tu. Nitashukuru nikipata majibu leo.

Spana_Kumi: Ndugu, rangi ya kopo ya kupuliza usiiguse, kwani petroli huilainisha ikabanduka kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Nenda kwa wapaka rangi wa magari Kariobangi Light Industries, uwaombe rangi inayochanganywa na hadena, yaani dawa ya kuigandisha. Kabla ya hapo toa jeti, floti, sindano na mipira yote, kisha uzibe kila tundu. Vile vijitundu vya hewa ni vyembamba mno, na tone moja la rangi likiingia humo, injini itazimika kila unapoachia mafuta.

Bibi_wa_Gia: Mwanangu, kwanza utaondoaje uchafu huo mweupe? Marehemu mume wangu alichemsha vipande vya pikipiki yake kwa kostiki soda, tena ndani ya sufuria yangu ya ugali, bila kujua kwamba kostiki hula alumini. Sufuria ilitoboka kabla uchafu haujatoka, na jiko lilinuka hadi jirani akaja kuuliza. Tulikula chapati wiki nzima.

Mdadisi_Ngara: Pole kwa sufuria, Mama. Bwana Turubai, Honda hawakuzitoa kabureta hizo kiwandani zikiwa nyeusi. Anayetengeneza pikipiki ya zamani kwa kawaida hutaka ifanane na ilivyotoka. Kwa nini nyeusi, na kwa nini leo?

Turubai_Umoja: Sikuona kama hilo linahusu rangi.

Mdadisi_Ngara: Linahusu.

Turubai_Umoja: Basi nitaeleza. Kabureta ya tatu inatoka jasho la petroli kwa chini. Nimeiziba kwa gundi ya chuma, na kiraka kinaonekana, kwa hiyo nyeusi itakificha. Mnunuzi anakuja Jumamosi kutoka Nakuru na amekwisha kunitumia arubuni. Ninajua mtakayosema, lakini pikipiki ya umri huu hununuliwa jinsi ilivyo, bei nimeipunguza, na mtu yeyote mwenye akili ataifungua upya akifika kwake. Isitoshe, nimekwisha kukubaliana na mwenye tanuri la rangi ya unga katika Eneo la Viwanda, na atanipokea Alhamisi.

Spana_Kumi: Tanuri tena? Rangi ya unga huokwa kwa joto la nyuzi 200 hivi. Kabureta nyingi za Keihin, kampuni iliyotengeneza hizo zako, za miaka ile ni za aloi ya zinki. Hazitayeyuka kwa joto hilo, lakini hewa iliyonaswa ndani ya madini itapanuka na kutoa malengelenge, na hiyo gundi yako huenda ikaachia humo humo. Halafu una hakika ni bodi inayovuja? Ndani ya kikombe cha chini mna kibomba cha shaba cha kumwaga mafuta yanayozidi, nacho hupasuka kwa uzee. Kijaze kikombe petroli kikiwa mezani, juu ya gazeti kavu, uone inatokea wapi.

Mzee_wa_Kanisa: Ninyi mnazungumzia joto na vibomba, ilhali kijana huyu anataka kumpandisha mwenzake juu ya moto. Kabureta iko nyuma tu ya silinda. Mnunuzi akiteremka Mai Mahiu njiani kurudi Nakuru na petroli ikidondokea injini iliyochemka, kupunguza bei kutamsaidia nini?

Kijiti_Southlands: Ushauri wangu ni kwamba ampake rangi mnunuzi, hasa machoni.

Choki_Wazi: Naona tunatungiwa hadithi. Mtu anasema CB750 ya 1974, kisha anafungua nyaya nne. Waya unaogawanyika mara nne, kila kabureta na wake, ulikuwa kwenye zile za mwanzo kabisa, zilizoingia sokoni mwaka 1969. Baadaye Honda waliziunganisha kabureta kwa mtambo mmoja, zikawa zinavutwa kwa nyaya mbili, wa kufungua na wa kufunga. Ama pikipiki hiyo haipo, ama huyu ndiye mwenye tanuri na anajitangazia biashara.

Turubai_Umoja: Sitangazi tanuri la mtu. Mwaka 1974 nimeutoa kwenye logibuku, na marehemu baba aliinunua kwa mtu. Waya unatoka kwenye usukani, unapita chini ya tangi, na hapo unagawanyika mara nne. Nikutungie waya ili nipate nini?

Choki_Wazi: Kama ni kweli, huenda logibuku ilijaziwa mwaka wa kusajiliwa. Soma namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu. Ikiwa ni CB750-1007414 au chini yake, basi ni miongoni mwa zile 7,414 za kwanza, ambazo maganda ya injini yana uso wa kuparuza hata watu wakaziita za kalibu za mchanga, ingawa hazikusubiwa hivyo. Hizo hutafutwa dunia nzima, na azijuaye hulipia kabureta zake zikiwa na uchafu wake wote. Jiulize kwa nini mtu wa Nakuru ametuma arubuni kabla hajaiona.

Kijiti_Southlands: Kumbe anayefichwa jambo ni nani hapa?

Mzee_wa_Kanisa: Hilo halifuti kiraka.

Turubai_Umoja: Nimeimulika kwa tochi. Inasomeka CB750-100, tarakimu zinazofuata zimezibwa na kutu. Nina msasa hapa. Na arubuni, je, sheria inanilazimisha niuze kwa bei ile ile?

Spana_Kumi: Weka msasa chini! Namba iliyokwanguliwa itakufanya mshukiwa wa wizi, na hakuna atakayeiamini tena. Paka mafuta mepesi, yalale usiku mmoja, kisha ufute kwa kitambaa.

Choki_Wazi: Na mpigie mwenye tanuri umwambie Alhamisi huji.