Amelamba kidole, akafunua gazeti langu la Der Sturm la 1912!

Mkaratasi:
Wakuu, nimefika nyumbani sasa hivi. Koti sijavua. Nina hasira ambayo ukiiweka chini ya sufuria, maharage yanaiva bila mkaa.

Mnamjua. Sitaji jina na hakuna haja. Yule wa skafu. Yule asiyemaliza sentensi bila kusema "mimi kwenye kazi hii nina miaka thelathini". Kila wakusanyaji tukikutana hapa Berlin yupo, kila meza ya vitabu vikuukuu yupo, na kama ahera kuna mnada basi kiti cha mbele ameshawekewa.

Leo tulikutana kama kawaida, kila mtu na kitu chake. Mimi nikaleta Der Sturm, lile gazeti la sanaa la Berlin, toleo la Septemba 1912, lenye chapa ya mbao (picha iliyochongwa kwenye ubao na kupigwa karatasini) ya mchoraji Franz Marc, "Versöhnung". Nimelitafuta miaka sita. Nimeuza baiskeli na kamera ili nilipate. Nikalitoa kwenye jalada lake, nikalilaza juu ya kitambaa safi, nikasema kwa adabu zote: "Jamani tutazame tu, kufungua nitawafungulia mimi."

Yule bwana akasogea. Akapeleka kidole gumba mdomoni. AKAKILAMBA. Ulimi wote nje, kama mbuzi aliyeona jiwe la chumvi. Kisha akakibandika kwenye kona ya chini ya karatasi yenye umri wa zaidi ya miaka mia, akafunua.

Kona ikabaki kwenye kidole.

Akaitazama. Akaipuliza. Wakuu, AKAIPULIZA! Fyuu! Kama abiria anayepuliza maganda ya karanga stendi ya Chalinze. Kipande cha 1912 kikaruka, kikatua chini ya meza kwenye makombo ya keki. Halafu akasema, "Si gazeti tu hilo."

Gazeti tu!

Ndiyo, ni gazeti. Herwarth Walden alilianzisha hapa Berlin mwaka 1910 na akalichapa kwenye karatasi ya magazeti, ile ya rojo la mbao yenye asidi. Karatasi hiyo huanza njano, ikawa kahawia, mwisho inavunjika kama biskuti. Ndiyo maana hailambiwi kidole! Lakini humo humo ndani wasanii kama Kirchner, Heckel na Marc walitoa chapa zao za mbao. Ukipapasa nyuma ya ukurasa kwa kidole KIKAVU unasikia mistari ilivyobonyea. Marc aliichonga hii kwa ajili ya shairi la Else Lasker-Schüler. Machi 1916 akauawa vitani Verdun, ana miaka 36. Nani atatuchongea nyingine?

"Versöhnung" maana yake ni upatanisho. Basi mimi na yule bwana hatupatani mpaka mwenye skafu afe au mwenye gazeti nife.

Binti_Mzizima:
Pole sana kaka. Nimesoma nikashika mdomo. Kona ina ukubwa gani? Imegusa picha au ni pembeni tu?

Kibuyu:
Uzi mrefu hivi kwa ajili ya kona ya karatasi? Nilivyoona kichwa cha habari nikajua kakulamba wewe.

Mkaratasi:
@Binti_Mzizima ahsante dada. Haijagusa picha, imekula pembeni, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Nilipiga magoti chini ya meza watu wazima wananitazama, nikaiokota. Ipo kwenye kiberiti kitupu hapa mbele yangu. Ina unyevu bado. MATE YAKE YAPO NDANI YA KIBERITI CHANGU.

@Kibuyu wewe endelea kucheka. Siku akikulambia hati ya kiwanja utakuja hapa na uzi wako.

Mama_Wien:
Huyo huyo wa skafu? Basi sogeeni niwape langu, lenu hilo la kona ni dogo.

Aliniuzia Ver Sacrum, lile jarida la wasanii wa Vienna, ya mwaka wa kwanza, 1898, imejalidiwa vizuri, toleo la Januari lina ule mti uliopasua pipa, mchoro wa Roller. Nikabeba mpaka Vienna nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Usiku nawasha taa, nafunua polepole, naona ukurasa unaruka. Naangalia kwenye mshono: vishina! Vishina vya karatasi, vimekatwa kwa wembe, vimenyooka kama vimepigiwa rula. Nikahesabu kumi na kimoja. Zote ni kurasa zenye picha za msanii Moser na wenzake.

Nikampigia. Akanijibu bila kukohoa: "Aa, hizo zilishatangulia kwenye fremu." Zilishatangulia! Kama marehemu! Amechinja kitabu, nyama ameuza kwa kilo, mimi kaniuzia ngozi.

Mjukuu_wa_Fundi:
Kuchinja ndiyo biashara yenyewe, mama. Kitabu kizima kinauzwa mara moja. Ukikichana una picha kumi za kutia fremu, na kila mwenye sebule ni mteja. Hata Sturm wanazichana, wanauza Kirchner peke yake bila gazeti. Mkaratasi shukuru, wewe umepoteza kona.

Mkaratasi:
Nishukuru?? Mtu kalamba kidole MBELE YANGU nimeshasema msifungue!

Mpemba_wa_Hamburg:
Mimi aliniuzia Der Blaue Reiter, kile kitabu cha sanaa cha wachoraji Kandinsky na Marc. "Chapa ya kwanza, Piper, München, 1912." Kakinong'oneza kama anauza bangi. Nimefika nyumbani nafungua, nakuta humo humo maelezo ya Lankheit, profesa wa historia ya sanaa. Lankheit alikitoa upya 1965! Yaani Kandinsky na Marc wa 1912 wamemngoja profesa awape maelezo miaka hamsini na mitatu mbele. Nilivyomrudia akasema, "Ila picha ni zile zile."

Kibuyu:
Hahaha, huyu jamaa namkubali. Ana jibu la kila kitu.

Mama_Wien:
Na ile ya kitabu cha msanii Kokoschka mnaikumbuka? Die träumenden Knaben. Wiener Werkstätte, ile karakana ya wasanii wa Vienna, walichapa nakala 500 mwaka 1908, hazikununuliwa, zikakaa stoo, mwaka 1917 mchapishaji Kurt Wolff wa Leipzig akazitoa 275 zilizobaki, zikiwa na namba. Picha ni zile zile za rangi, kweli, lakini ile yenye namba ni ya Leipzig, mtoto anajua. Yeye alikuwa nayo mezani imeandikwa "1908, toleo la msanii", na namba inaonekana! Nilipomwonyesha namba akaifunika kwa kikombe cha kahawa. Kahawa, juu ya Kokoschka.

Mkaratasi:
Kikombe angalau hakina ulimi.

Dereva_Mstaafu:
Mkuu usilie kwa kitu kidogo. Chukua selotepu, ile nyembamba isiyoonekana, bandika kona kwa nyuma. Dakika mbili. Mimi vitabu vyangu vyote nimebandika hivyo tangu 1994, viko imara.

Mama_Wien:
SELOTEPU?

Mjukuu_wa_Fundi:
Mods mpo? Mfungieni huyu.

Binti_Mzizima:
Jamani taratibu, mzee kasema kwa nia njema. Mzee shikamoo. Selotepu baada ya miaka inageuka njano, plastiki inabanduka yenyewe, gundi inabaki imezama kwenye karatasi na kuacha doa kama mafuta ya chapati. Halitoki mpaka upeleke kwa fundi wa dawa. Mimi niko kwenye kazi hii ya kutengeneza karatasi. Kaka Mkaratasi, kiache kipande kikauke chenyewe, usikipitishe pasi. Kisha ni karatasi nyembamba ya Kijapani, ichanwe kwa mkono usiikate kwa mkasi, ili nyuzi zishike, na gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa, nyepesi kama uji wa mgonjwa. Siku akitokea fundi bora kuliko wewe, anailainisha kwa maji kidogo na inatoka.

Dereva_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Lakini vyangu viko imara.

Mjukuu_wa_Fundi:
Kosa la kwanza ni Mkaratasi kutowapa watu glovu nyeupe.

Binti_Mzizima:
Glovu tena! Hapana kaka. Glovu za pamba zinakuondolea usikivu wa vidole, nyuzi zake zinanasa kwenye michaniko midogo, unavunja zaidi. Mikono iliyonawa, ikafutwa, ikakauka. Basi.

Mjukuu_wa_Fundi:
Kwenye televisheni wote wanavaa.

Binti_Mzizima:
Kwenye televisheni.

Mpemba_wa_Hamburg:
Tukiwa hapo hapo, kuna mtu kaagiza kitu London hivi karibuni? Tangu 2021, Waingereza walipotoka soko la Ulaya, kila bahasha yangu inalala forodhani. Nilinunua jarida la kurasa arobaini, limekaa wiki tano, nimeitwa nieleze kwa maandishi ni "bidhaa ya aina gani". Nikaandika "jarida". Wakauliza, "Jipya au lililotumika?" Nikaandika limetumika, mwenyewe alikufa kabla ya vita ya pili.

Mama_Wien:
Usinikumbushe forodha. Mimi walifungua bahasha kwa kisu kikapita mpaka ndani.

Mkaratasi:
Wakuu, uzi ni wa KIDOLE. Alikilamba. Akaibandua kona. Akaipuliza. Nataka tujue tunamfanya nini, mwezi ujao tunakutana tena na yeye atakuja na skafu yake.

Mwana_wa_Tanga:
Mimi nasoma kimya kimya tangu juzi, leo naomba kusema. Nyie mnalia na kona. Babu yangu alikuwa na Mambo Leo, lile gazeti la Kiswahili, zile za miaka ya 1920, zimefungwa kwa kamba ya katani, sanduku zima juu ya dari. Alipofariki, shangazi akalishusha sanduku, akakuta karatasi nzuri, laini, akawafungia watu maandazi. Mwezi mzima. Jirani alikuja kuniambia, "Mwanangu, maandazi ya shangazi yako yana habari nzuri sana."

Kibuyu:
Hapo nimelala chini.

Mama_Wien:
Subiri. Sanduku ZIMA?

Mwana_wa_Tanga:
Nilikuta mbili. Moja ina duara la mafuta katikati. Na wazee husema humo mlikuwa na Kiongozi pia, lile lililochapwa hapa Tanga enzi za Mjerumani. Hilo ni rika la magazeti yenu ya Berlin. Sikukuta hata ukurasa.

Binti_Mzizima:
Kaka, hilo la duara usilifue wala usilipige pasi. Nitumie picha, mbele na nyuma. Mafuta ya zamani yana namna yake.

Mpemba_wa_Hamburg:
Kiongozi zipo maktaba huku Ujerumani, lakini kuipata ya kununua ni kazi. Mwana wa Tanga, hakuna familia nyingine hapo mtaani zenye masanduku darini? Nauliza kwa dhati.

Mkaratasi:
Alilamba kidole jamani.

Mwana_wa_Tanga:
Zipo nyumba mbili Ngamiani za walimu wa zamani. Moja mchwa wameshaingia. Kesho asubuhi naenda na mfuko na brashi laini. Nikikuta kitu, je, nikung'ute vumbi kwanza au nibebe kama kilivyo?

Binti_Mzizima:
Beba kama kilivyo, kwenye boksi bapa, mchwa wakaguliwe nje kwanza. Usifungue mpaka tuongee.