Ati "ng'ombe walishtuka tu"!

Mluzi Mrefu:
Wakuu, mmesoma alichoandika yule bwana jana usiku? Simtaji, mnamjua, yule ambaye kwake Mzungu hajawahi kupigwa, aliteleza tu. Almeida, aliyekuwa gavana wa Wareno India, kauawa na Wakhoikhoi, wafugaji wa kusini mwa Afrika, pale Table Bay ilipo Cape Town leo, Machi 1, 1510, pamoja na Wareno zaidi ya 50, makapteni humo humo. Yeye kaandika: "ng'ombe walishtuka tu." WALISHTUKA!

Ng'ombe wa Wakhoikhoi walizoeshwa kufuata mluzi. Mwenyewe anapiga mluzi, kundi linasonga, naye anakimbia katikati yake kama nyuma ya ukuta, anarusha mawe na mikuki ya mti iliyokaushwa ncha kwa moto. Mreno kashuka na watu kama 150, mizinga kaiacha melini. Kachukua ng'ombe na watoto wa watu kijijini (hilo bwana karuka, kiatu hakikulowa). Kurudi ufukweni, mashua hazipo, zimehamishiwa pale pa kuteka maji ya kunywa kwa sababu ya hali ya hewa. Mchanga laini, chuma mwilini, kila hatua mguu unazama. Almeida kala mkuki wa koo.

Halafu ng'ombe walishtuka. Na mkuki nao ulishtuka?

Kishada:
Mkuu, kunywa maji. Ng'ombe wenyewe walishasamehe, umebaki wewe. Mambo ya Wakhoisan ya miaka 500 yanakukosesha usingizi?

Mluzi Mrefu:
WALISHTUKA, Kishada!

Sultani Mstaafu:
Mimi hata wangepiga chafya sawa tu. Almeida huyo huyo mwaka 1505 kaipora Kilwa mwezi wa Julai, Agosti kaichoma Mombasa. Tulilipiwa kisasi.

Chumvi Nyingi:
Hilo dogo. Kinachoniudhi ni wanaosema Wakhoikhoi walitoa ng'ombe kwa vipande vya shaba kwa ujinga. Mkhoikhoi mmoja, Coree, alitekwa na Waingereza 1613, akapelekwa London, akatengenezewa mpaka deraya ya shaba. Akalia arudishwe kwao. Karudi 1614, kawaambia wenzake shaba huko kwa Waingereza ni kitu cha kutupa. Bei ya ng'ombe ikapaa, mabaharia wakaanza kumlaani. Mjinga nani hapo?

Kidole Juu:
Kishada, "Wakhoisan" ndiyo kabila gani? Neno hilo kalibuni Mjerumani mmoja, likachapishwa 1928. Wakhoikhoi wafugaji, Wasan wawindaji, lugha zao zenyewe si ukoo mmoja. Na asije mtu akaniingizia Wahadzabe humo. Kihadza hakijathibitishwa kuwa na ndugu popote, vidoko (zile sauti za kudokoa ulimi) peke yake si undugu.

Sultani Mstaafu:
Na Wasandawe?

Kidole Juu:
Hao kesi nyingine. Wapo wataalamu wanaokiunganisha Kisandawe na lugha za Kikhoe, ukoo wa lugha ya Wakhoikhoi, wapo wanaokataa. Kinachobishaniwa ni viwakilishi, viambishi vya jinsia...

Chumvi Nyingi:
Viwakilishi vinaazimwa pia, mkuu.

Kidole Juu:
Vinaazimwa wapi? Leta mifano mitatu.

Mluzi Mrefu:
Jamani, na ng'ombe?

Kidole Juu:
Subiri. Chumvi, mifano.