Mrejesho: Riwaya iliyonikosesha usingizi

Wiki tatu zilizopita niliwauliza iwapo niiache riwaya ya mama mtumwa anayemuua mwanawe ili asirudishwe utumwani, kwa kuwa ilikuwa ikinikosesha usingizi. Nawashukuru walionishauri niisome mchana tu, kurasa chache chache, nimeimaliza. Kilichonisaidia zaidi, hata hivyo, ni kusoma kisa cha kweli cha Margaret Garner, mama mtumwa wa Marekani aliyetoroka kwa kuvuka mto Ohio ulioganda mnamo Januari 1856 na kumuua bintiye wa miaka miwili walipozingirwa na wasaka watumwa. Hapo huzuni yangu, iliyokuwa imetanda bila umbo, ilipata mtu wa kumlilia. Usingizi umerejea, ila kila nikimfunika binti yangu shuka, mkono wangu bado hukawia begani kwake.