Tupeane uzoefu: Kutoka sabufa na simu hadi muziki safi sebuleni, kipi kinabadilisha sauti kweli?

Mtoa mada

Wakuu, uzi huu ni wa wanaosikiliza muziki wa kwenye simu, laptop au fleshi na wanataka kupanda daraja kutoka kwenye sabufa. Masharti: leta vipimo, leta hatua, sema nini huharibika na kwa nini. "Nunua kitu cha maana" si mchango.

Naanza na mpangilio wa hela. Spika na mahali zinapokaa kwanza, kisha amplifaya, halafu DAC, yaani kile kifaa kinachogeuza namba za faili kuwa mawimbi ya umeme. Mafaili ya biti 24 mwisho kabisa. CD ya kawaida ni biti 16 na 44.1 kHz, nafasi ya kama dB 96 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya kelele yake ya chini na sauti ya juu. Sebule yenye feni ya dari na bodaboda nje haiwezi kuimaliza nafasi hiyo. Anayeanza na mafaili makubwa anajaza diski tu.

lehemu_60w

Kabla ya muziki, umeme. Amplifaya nyingi za mtumba zinazofika huku ni za Japani. Igeuze nyuma usome kibandiko: ukiona 100V 50/60Hz, usiichomeke ukutani hata kwa sekunde moja. Inataka transfoma ya kushusha. Madukani utapewa ya 110V, na hapo ndipo vyombo hufa polepole: ukuta ukitoa 240, transfoma ya 230 kwenda 110 inatoa karibu 115, asilimia 15 juu ya inayotakiwa. Itaimba vizuri tu, ila itachemka, na kapasita (vihifadhi umeme) za upande wa pawa zitakaa karibu na kikomo chake kila siku. Mpe fundi anayesuka transfoma akutolee 100 kamili. Ukubwa wake: wati za kwenye kibandiko mara mbili. Kibandiko cha 200W, transfoma ya VA 400 hadi 500.

Siku ya kuiwasha mara ya kwanza, pitisha laini kwenye balbu ya wati 100 ya kizamani yenye waya ndani, sio LED, ikae mfululizo na amplifaya. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, kapasita zimejaa, sawa. Ikibaki imewaka vilevile kuna shoti ndani, zima. Ukivuka hapo, toa balbu, acha amplifaya iwake dakika kumi bila spika wala chanzo chochote, weka mita kwenye DC milivolti na upime matundu ya spika, kushoto na kulia. Chini ya 50 mV funga spika. Ikizidi 100 mV mpelekee fundi kwanza, maana umeme wa DC husukuma koni upande mmoja na kuichemsha koili yake.

mkuki_wa_shaba

Fupi: waya wa spika. Ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Unaimba, ila una ukinzani zaidi, unakatika ukiukunja mara kadhaa, na unaota kutu kwenye skrubu, hasa pwani. Shaba halisi ya mm² 2.5, mita tano kwa spika, ina kama omu 0.07 kwenda na kurudi. Kwa spika ya omu 8 hiyo si kitu. Waya wa bei ya kiwanja utakupa mapambo.

besi_taratibu

Nakuja kwenye chumba, maana ndiko pesa nyingi hupotelea. Sebule zetu ni ukuta wa saruji, vigae chini, dirisha kubwa. Besi haina pa kutokea.

Chukua 343 (mwendo wa sauti, mita kwa sekunde), gawa kwa urefu wa chumba mara mbili. Sebule ya mita 4: 343 ÷ 8, karibu 43 Hz. Noti hiyo itavimba ukikaa umeegemea ukuta wa nyuma, na itapotea ukikaa katikati kabisa. Ndiyo maana mtu anabadilisha sabufa mara tatu na kila moja "haina besi", kumbe kochi liko mita 2 kutoka kila ukuta. Lisogeze liwe kama mita 1.5 kutoka ukuta mmoja, asilimia 38 ya urefu, kisha rekebisha kwa sikio.

Spika nazo zina shida yao na ukuta wa nyuma yake. Sauti nzito inarudi kutoka ukutani imechelewa na kujifuta yenyewe: 343 ÷ (4 × umbali). Spika ikiwa sm 60 kutoka ukutani, shimo linakaa karibu 143 Hz, palepale penye mwili wa sauti ya mwanaume na gitaa la besi. Sogeza sm 10, sikiliza wimbo uleule, sogeza tena. Weka alama sakafuni kwa selotepu, la sivyo hutakumbuka ilikuwa nzuri wapi.

Kwa sauti za juu, kaa kwenye kiti chako na mwenzako apitishe kioo ukutani kwa kimo cha spika. Unapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inagonga kabla ya kukufikia. Weka pazia zito au rafu yenye vitu vilivyopangwa shaghalabaghala. Kapeti kati yako na spika. Trei za mayai ni pambo, na sponji ya sm 2 inakula trebo peke yake huku besi ikiendelea kutitima.

Mwenye hamu ya kupima ashushe programu ya Room EQ Wizard, ni ya bure, na atumie maikrofoni ya kupimia yenye faili lake la usahihishaji, mfano UMIK-1. Kwenye ekwalaiza punguza vilima tu. Mfano: 43 Hz, dB 6 chini, Q 5 (Q ni wembamba wa eneo linaloguswa, ikiwa kubwa eneo ni dogo). Shimo usilijaze: ukiongeza dB 10 unadai wati mara kumi, na chumba bado kinazifuta.

otg_na_earphone

Wa simu tusikilizane. Kile kiwaya kifupi cha Apple cha USB-C kwenda tundu la earphone ni DAC kamili ya bei ndogo, kinatoa kama volti 1. Toleo la Ulaya limebanwa nusu yake. Kwenye Android nyingi sauti hutoka ndogo kwa sababu voliyumu ya ndani ya kiwaya inabaki chini. Programu yenye draiva yake ya USB, kama USB Audio Player PRO, inaifungua, na pia inaizuia Android isigeuze 44.1 kuwa 48 kHz njiani.

Bluetooth hubana sauti kwa mifumo tofauti: SBC, ule wa kawaida, huishia kama kbps 328. LDAC ina ngazi tatu, 990, 660 na 330. Ikikatikakatika, nenda Chaguo za Wasanidi Programu uifunge kwenye 660.

Na jambo moja kuhusu kulinganisha. DAC za mezani hutoa volti 2, simu nyingi chini ya 1. Kinachopiga juu kidogo kinasikika "safi zaidi" kila mara. Cheza mlio wa 100 Hz, pima kwa mita AC kwenye matundu ya spika, rekebisha mpaka vyote viwili vitofautiane chini ya asilimia 1, ndipo ubishane.

Mtoa mada

Hapo kwenye volti umegusa penyewe. Wenye mvumo wa "mmmm" wasaidiwe.

lehemu_60w

Chomoa waya wa RCA (ule wa kuleta sauti kutoka kwenye chanzo) kwenye amplifaya. Mvumo ukibaki, ni wa ndani, kapasita za pawa zimechoka. Ukiisha, unatoka kwenye chanzo. Kama ni laptop, chomoa chaja iende na betri: ukinyamaza, ethi inazunguka njia mbili. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Kama kuna king'amuzi, chomoa waya wa dishi; mara nyingi mwizi ni huyo. Vikishindikana, tumia optiki, waya wa kupitisha sauti kwa mwanga, haipitishi umeme kabisa. Vitenganishi vya USB (vinavyokata njia ya umeme kati ya laptop na DAC) vya bei ya chini vyenye chipu ya ADuM4160 vinapitisha Mbps 12 tu, DAC nyingi za kisasa zitagoma au zitashuka hadi 96 kHz. Na yeyote anayekwambia ukate pini ya ethi, mwache akate ya kwake.

pai_ya_muziki

Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja: tundu la earphone la Pi 4 lina kelele, na Pi 5 halina kabisa. Weka bodi ya DAC juu ya pini 40. Kwa zile zenye chipu ya PCM5102A, fungua config.txt, zima `dtparam=audio=on`, andika `dtoverlay=hifiberry-dac`. Chipu hiyo haina voliyumu yake, inatoa volti 2 zote tangu kuwaka. Ukiiunga kwenye amplifaya isiyo na kitufe cha sauti, utaruka kitini.

Kwa Pi 4, chaja iwe ya volti 5, ampea 3. Andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu la 0x0 ni zuri, 0x50005 maana yake volti zinashuka. Umeme ukikatika ghafla, kadi ya memori ndiyo huharibika, kwani mfumo ulikuwa unaandika. piCorePlayer, mfumo wa Pi wa kuchezea muziki, hukaa yote kwenye RAM, kadi haiguswi. Ila ukibadilisha mpangilio usisahau kuhifadhi, la sivyo ukiwasha tena umerudi mwanzo.

kaseti_C60

Mafaili ya taarabu na zilizopendwa: kabla ya kusifu FLAC (faili lisilopoteza sauti) uliyopewa, ifungue kwenye Spek, programu inayoonyesha masafa ya sauti kwa picha. Ukiona picha imekatwa kama kisu karibu na 16 kHz juu, yaelekea ni MP3 ya kbps 128 iliyovalishwa kanzu.

Kama una kaseti yenyewe, hamisha mwenyewe. Safisha hedi (kichwa kinachosoma tepu) kwa spiriti ya isopropili na pamba. Kisha kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi, ina springi chini yake: hiyo inapanga mwinamo. Geuza sauti iwe mono, cheza sehemu yenye violini au kayamba, zungusha kidogo kidogo mpaka mlio uwe mkali kuliko kote. Rekodi biti 24, 48 kHz, vilele visizidi dB −6. Kila kaseti ina mwinamo wake, kwa hiyo rudia. Ukimaliza zote, irudishe deki kwenye kaseti ya kiwandani unayoiamini, halafu dondosha tone la rangi ya kucha juu ya skrubu isijilegeze.