Mafundi wa kompyuta Pemba someni kwanza kabla ya kufomati! Nimefutiwa kazi za miaka sita kwa kiprogramu kimoja tu

Asalaam alaykum ndugu zanguni. Naandika kwa simu, kompyuta nimeizima na siiwashi mpaka nimpate mtu wa kuaminika, sababu ntaieleza huko mbele. Nna hasira tangu juzi wallahi silali sawasawa.

Mie nna steshenari hapa Chake Chake. Nachapa barua za kuombea kazi, CV, mitihani ya madrasa na ya skuli, katiba za vikundi vya kina mama, mikataba ya kukodisha mikarafuu, kila kitu. Kompyuta ilikuwa na Office 2010 (zile programu za Microsoft za kuchapia, Word na wenzake), ya zamani kabisa, Microsoft wenyewe wameacha kuihudumia tangu Oktoba 2020, nikasema sasa basi nijikaze ninunue Office 2021 ya halali kwa pesa yangu, maana hizi za krak, yaani za wizi zilizovunjwa leseni, nimezikoma, unaambiwa uzime antivirusi kwanza halafu hujui imeingia na nini humo ndani.

Nikamwita fundi wa kwanza. Akaitoa ile ya zamani, akaanza kutia mpya, dakika haijapita kikatokea kidirisha kina maandishi, akakifunga. Akajaribu tena, kikatokea tena, akakifunga tena! Mara ya tatu mie nikakipiga picha kwa simu. Hakukisoma hata mara moja, naapa. Akanambia "dada hii Windows imechoka, inataka kufomatiwa", yaani ifutwe yote itiwe Windows upya, akachukua elfu kumi na tano yake akaondoka, mie hapo sina Office ya zamani wala mpya na mwalimu wa madrasa anangoja mitihani yake.

Nikaibeba kompyuta nikapanda daladala mpaka Wete kwa fundi wa pili, niliyesifiwa sana. Nikamuonesha ile picha. Akaitupia jicho akasema hiyo tatizo la kawaida, niachie uje kesho. Nikamwambia kaka, kazi zangu zote zimo humo, akasema nisiwe na wasiwasi atazihifadhi. Kesho yake nimekwenda Office imeingia, Word inafunguka, akataka elfu arubaini nikampa na ahsante nikamwambia.

Nafika dukani, nafungua, diski D, ile sehemu ya pili ya diski, haipo! Alichohifadhi ni vya Desktop na Documents tu, na mie kazi zangu miaka yote naweka diski D, maana fundi mwengine zamani alinifunza hivo, kwamba C, palipo na Windows, ikiharibika D inabaki. Huyu kaziunganisha zote mbili kafanya moja. Hakuniuliza. Suali moja tu, "mafaili yako yako wapi", lingetosha. Nimempigia akanambia "si nilikwambia nafomati?" Hakunambia! Alinambia atahifadhi.

Sasa linaloniuma zaidi ni hili. Juzi usiku mtoto wa dada yangu, yuko fomu tatu, kaiona ile picha kwenye simu kaisoma mstari kwa mstari. Imeandikwa wazi kabisa kwamba haiwezi kutia Office ya biti 64 kwa sababu kwenye kompyuta imekuta programu ya Office ya biti 32 (ni aina mbili za Office zisizochanganyika), na chini yake imeitaja kwa jina, Microsoft Access database engine 2010. Jina kamili! Kompyuta ile ilikuwa ya ami yangu alipokuwa na duka la jumla, humo ndani mlikuwa na programu ya stoku, ndo iliyokuja na hicho kitu. Ile programu ya stoku haitumiki miaka mingi.

Yaani dawa yake ilikuwa kufungua Control Panel, kwenda kwenye orodha ya programu, kukitoa hicho kimoja, kuizima na kuiwasha, kisha kutia Office upya. Robo saa, na bila kugusa faili hata moja. Na kama mtu bado anakihitaji kwa programu yake nyengine, anarudi kwenye akaunti yake ya Microsoft alipoingizia namba ya leseni, anachagua kushusha Office ya biti 32, zinakaa pamoja bila ugomvi. Office hizi mpya usipochagua kitu unapewa ya 64, zamani ulikuwa unapewa 32, ndo maana kompyuta nyingi za kizamani zinagombana hapo. Fundi wa kompyuta anaekula kwa kazi hii hajui hilo? Mbona mtoto wa skuli kalijua kwa kusoma tu?

Na msinambie kwamba kufomati kumesaidia. Ndio imeingia, kwa vile kila kitu kimefutwa na hicho kiprogramu kimefutwa pamoja nacho. Mtu anaumwa jino moja unamng'oa yote halafu unamdai elfu arubaini?

Nimepoteza mitihani ya madrasa tatu, mikataba ambayo watu wanarudi kwangu kuchukua nakala, na barua za watu ambao hawana kopi nyengine popote. Jana kaja mzee wa Konde kafuata mkataba wake wa shamba, nimeshindwa hata kumtazama usoni. Fundi simtaji jina, sitaki kumvunjia riziki, lakini simu zangu sasa hapokei.

Najua kilichofutwa kwenye diski ya kawaida huwa bado kimo mpaka kitu chengine kiandikwe juu yake, na yeye tayari katia Windows na Office humo humo, kwa hiyo kila nikiiwasha nazidi kupoteza. Kwa hivo naomba, kama kuna mtu Chake, Wete au hata Unguja anaejua kwa yakini kurejesha mafaili, alieshawahi kufanya kwa mkono wake na atakaenambia ukweli kama haiwezekani, anitumie ujumbe. Diski ni hiyo ya kawaida, HDD, ya gigabaiti 500. Ikibidi nipande boti Mkoani nivuke nayo ntavuka, lakini sitaki mtu wa kujaribia kwenye kompyuta yangu.