Mwalimu mkuu anataka niketi darasani na mtoto kila siku: wajibu wa mzazi unaishia wapi?

MamaTumu, Kilifi

Hamjambo ndugu zangu. Binti yangu ana miaka minne, na mtindio wa ubongo umemdhoofisha miguu na mkono wa kulia. Anazungumza vizuri na anaelewa kila anachoambiwa, ila hawezi kuketi bila kuegemezwa. Nilipompeleka kuandikishwa PP1 katika chekechea ya umma, mwalimu mkuu hakumkataa waziwazi, bali alisema atampokea iwapo nitakaa naye darasani tangu asubuhi hadi watoto watakapotoka, ama sivyo nimtafutie shule maalumu ya bweni. Mimi nauza samaki, na asubuhi ndiyo saa ya riziki yangu. Naomba mliopitia haya mnieleze: wajibu wangu unaishia wapi, na wa shule unaanzia wapi?

Mwalimu wa PP2, Malindi

Pole, dada. Walimu wengi wanasukumwa na hofu kuliko roho mbaya, kwa maana mwalimu aliye peke yake na darasa zima anaogopa mtoto asije akapaliwa na uji au akaanguka, kisha alaumiwe yeye. Dawa ya hofu hiyo unayo wewe. Mwonyeshe jinsi unavyomketisha, jinsi mtoto anavyoashiria haja, uji wake unavyopaswa kuwa mzito na namna anavyoumeza, na zaidi ya yote yale anayoyaweza mwenyewe, ili asifanyiwe. Kaa naye siku za mwanzo, halafu upunguze saa kidogo kidogo. Usikubali iwe mwaka mzima, kwa sababu mtoto ambaye mama yake yu ubavuni hapati nafasi ya kugombania mpira wala kusuluhishwa na wenzake, na hayo ni sehemu kubwa ya tunayofundisha chekechea.

Kiti cha kumwegemeza kinaweza kutengenezwa kwa kadibodi zilizogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga; kikikauka vizuri kinambeba mtoto wa umri huo. Penseli izungushie ukanda wa mpira wa baiskeli ipate unene wa kushikika. Kwa choo cha shimo, mwombe seremala kiti cha mbao chenye tundu.

Baba Rehema, Mombasa

Nakubaliana na mwalimu isipokuwa kwa hilo la choo, kwani mzazi akizoeshwa kununua kila kitu, mtoto wa mzazi asiye na kitu atabaki nyumbani. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika na kuingia mahali pa umma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu wakati wa kumwandikisha. Elimu ya chekechea iko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo njia ya kupitisha kiti cha magurudumu na choo kinachofaa ni madai ya kupeleka kwenye vikao vya umma vya bajeti.

Lakini anza na kituo cha EARC, yaani kituo cha kupima mahitaji ya kielimu ya watoto wenye ulemavu. Vituo hivi vya kuwapima watoto vilianzishwa mwaka 1984, na ripoti yake itaeleza msaada anaohitaji Tumu na shule inayomfaa. Ukiwa na karatasi hiyo, huombi hisani tena.

Bi Mkubwa, Kaloleni

Mwanangu alipitia njia hiyo hiyo na sasa ni mtu mzima. Shule ya bweni inawafaa baadhi ya watoto, lakini kwa miaka minne, mtoto anayeelewa na kusema hivyo, mimi nisingemtoa nyumbani. Fikiria mapema suala la kumbeba: leo mgongo wako unamudu, akifika darasa la pili hautamudu, basi babake, shangazi na majirani wazoeshwe sasa kumfikisha shuleni. Pia watafute wazazi wenzako. Sheria inataka bodi ya shule iwe na mjumbe wa watu wenye mahitaji maalumu. Uliza kama nafasi hiyo ina mtu.

MamaTumu

Nawashukuru nyote. Nitampeleka kupimwa kwanza, kisha nirudi kwa mwalimu mkuu na ripoti pamoja na pendekezo la maandishi kwamba niketi darasani mwezi wa kwanza tu, nikipunguza saa kila wiki. Mwalimu, je, hilo la mwezi mmoja linatosha?

Mwalimu wa PP2, Malindi

Kwa wengi linatosha. Andika pia ni nani atakayeitwa mtoto akiugua wakati wewe uko sokoni, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza atakalokuuliza.