Mjadala: Je, ni sawa misitu na ardhi ya mboji ya kaskazini ilindwe kwa fedha za sadaka?

Ndugu zangu,

Hoja aliyoiweka ndugu aliyetangulia ni nzito na inastahili kujibiwa kwa utulivu. Anasema kwamba Kanada, Finland na Uingereza ni nchi zenye uwezo, na kwamba anayetoa fedha zake kuhifadhi misitu na vinamasi vya huko anazisaidia serikali tajiri kukwepa wajibu wao, ilhali mboji ya bonde la Kongo haina wa kuitetea. Nakubali kwamba wajibu wa kwanza ni wa serikali. Sikubali kwamba kwa sababu hiyo sadaka haina nafasi, na nitaeleza kwa nini, maana naishi Scotland na nimeyaona haya kwa macho yangu.

Kwa asiyeifahamu ardhi hii, mboji ni mabaki ya mimea iliyofia ndani ya maji yasiyo na hewa ya kutosha, ikashindwa kuoza sawasawa na ikalundikana kwa kiasi cha milimita moja hivi kwa mwaka, kwa hiyo kina cha mita moja ni kazi ya miaka 1,000. Ardhi ya namna hii ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini imebeba kaboni nyingi kuliko mimea ya misitu yote ya dunia ikijumlishwa. Ukiichimbia mifereji ikakauka, hewa huingia, mboji huanza kuoza, na kaboni iliyowekwa kwa maelfu ya miaka hutoka kama gesi inayoongeza joto la dunia, mbele ya macho ya kizazi kimoja.

Kaskazini kabisa mwa Scotland, katika Caithness na Sutherland, kuna eneo kubwa la mboji liitwalo Flow Country. Katika miaka ya 1980 serikali ya Uingereza ilikuwa ikitoa nafuu ya kodi kwa aliyewekeza fedha katika upandaji wa miti, na watu wenye mapato makubwa waliokaa mbali wakanunua vinamasi hivyo kwa bei nafuu, matrekta yakapasua mifereji, na misonobari iliyoletwa kutoka Amerika ya Kaskazini ikapandwa mahali ambapo mboji ilikuwa wazi kwa maelfu ya miaka. Nafuu hiyo ilifutwa katika bajeti ya mwaka 1988, lakini mifereji ilibaki ikinyonya maji. Mwaka 1995 shirika la hisani la kuhifadhi ndege, RSPB, lilinunua ardhi ya Forsinard, na tangu wakati huo limekuwa likikata miti ile ile iliyopandwa na kuziba mifereji ile ile iliyochimbwa. Julai 2024 UNESCO iliiingiza Flow Country katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Nilikwenda Forsinard kwa treni. Ukishuka stesheni unafuata njia ya mawe bapa yaliyolazwa juu ya kinamasi, na pembeni mwake kuna matuta laini ya kuvumwani, mengine ya kijani, mengine mekundu kama nyama. Niliinama nikabonyeza tuta moja kwa kiganja, na maji yakapanda mpaka kwenye kifundo cha mkono, baridi sana, yenye rangi ya chai kavu. Mahali pengine nikaona visiki vimejipanga safu kwa safu, na katikati ya safu, ndani ya mifuo ya jembe la zamani, kuvumwani ile ile ilikuwa imeanza kurudi kwa mistari myembamba. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Fedha za walipa kodi ndizo zilizochangia kuileta mifuo ile, na sehemu ya kazi ya kuifukia imebebwa na michango ya watu wa kawaida.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ndugu yangu. Anapotuambia tuiachie serikali, anasahau kwamba huku kaskazini mara nyingi uharibifu wenyewe ulilipiwa na serikali. Finland ni hivyo hivyo: ukaushaji wa vinamasi kwa ajili ya kukuza misitu ulipewa ruzuku kwa miongo mingi, na zaidi ya nusu ya ardhi ya mboji ya nchi hiyo imeshachimbiwa mifereji. Mwaka 2010 samaki walipokufa katika mto Jukajoki kwa maji makali yenye asidi yaliyotoka kwenye machimbo ya mboji ya Linnunsuo, waliopaza sauti walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Chama cha Snowchange, kinachoongozwa na Tero Mustonen, kilikuja kuirudishia ardhi hiyo maji yake, na mwaka 2023, Mustonen alipopewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, maeneo waliyoyafufua yalikuwa yamefika 62.

Hata hivyo, si kila sadaka ninaitetea. Sisi watu wa pwani tunaijua tofauti kati ya sadaka inayoliwa ikaisha na wakfu. Shamba la minazi likishawekwa wakfu kwa ajili ya msikiti haliuzwi wala halirithiwi, na nazi zake ndizo zinazonunua mikeka na mafuta ya taa mwaka baada ya mwaka. Msitu unahitaji fedha ya aina hiyo, kwa sababu mlinzi wake anataka mshahara hata mwaka ambao hakuna kamera wala kampeni.

Mfano ninaouthamini kuliko yote uko kaskazini mwa Kanada, kando ya Ziwa Great Slave, mahali msitu unapoishia na uwanda wa baridi usio na miti unapoanza. Wadene, wenyeji wa asili wa kijiji cha Łutsël Kʼé, walikataa hifadhi ya taifa ilipopendekezwa karibu na mwaka 1970, wakihofia haki zao za kuwinda na kuvua. Mwaka 2019 walikubali, lakini kwa masharti yao, na ikazaliwa Thaidene Nëné, yenye zaidi ya kilomita za mraba 26,000, takriban sawa na Rwanda nzima. Mfuko wake wa dola za Kanada milioni 30 ulichangiwa nusu na serikali kuu na nusu na wafadhili kupitia shirika la uhifadhi la Nature United, na mapato yake huwasaidia Wadene kuitunza wenyewe ardhi yao ya asili, wakiwemo walinzi wao waitwao Niʼhatʼni Dene. Sadaka hapa haikuipa serikali ruhusa ya kukaa pembeni, maana serikali nayo ilitoa fedha na kutunga sheria.

Ninachokiogopa ni ununuzi mtupu. Scotland ni nchi ambayo ardhi nyingi iko mikononi mwa wachache, na shirika la hisani likinunua bila kuwasikiliza wakazi linakuwa bwana mwingine tu mwenye nia njema. Wakazi wa Langholm, mji mdogo wa kusini mwa Scotland, walionyesha njia nyingine walipochangisha fedha na kununua wenyewe, mwaka 2021 na tena 2022, vilima vyenye mboji vinavyouzunguka mji wao. Kampuni inayonunua hati za kaboni, yaani haki ya kujihesabia kaboni iliyohifadhiwa na wengine, ili iendelee kutoa moshi wake, nayo, haijatoa sadaka yoyote: imenunua bidhaa, na isihesabiwe pamoja na watoaji. Na moto hausomi hati ya mtu. Mwaka 2023 zaidi ya hekta milioni 15 ziliungua Kanada, na hakuna mfuko ambao ungeuzuia moto ule.

Kuhusu Kongo, uchungu wa ndugu yangu ni wangu pia. Wanasayansi walikadiria mwaka 2017 kwamba mboji ya bonde hilo imebeba tani bilioni 30 za kaboni, na Julai 2022 Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu vya mafuta, vingine vikiwa juu ya mboji hiyo hiyo. Sioni kwamba shilingi iliyokwenda Łutsël Kʼé ndiyo iliyoinyima Kongo. Ninachoomba ndugu yangu anijibu ni hiki: mfuko kama ule ukianzishwa kwa ajili ya vijiji vilivyo kando ya vinamasi vya Kongo, hati yake iandikwe kwa jina la nani, na kijiji kiwe na mamlaka gani ya kukataa?